Kwa Sifa, Aliyepima Ufa wa Mlima

Sifa mwanangu,

Shangazi yako amekwisha kukueleza habari za chandarua, za dawa ya malaria, za maji ya kuchemsha, na namna ya kukaa juu ya pikipiki ili matope ya njia ya Walikale yasikumalizie nguo. Amekueleza mara nyingi, nami nilikuwa nikimsikia kutoka jikoni. Hapo sina la kuongeza. Una akili, una mikono, hutalala njaa. Ninakuandikia jambo lingine, kwa sababu juzi tulipokuwa tunachambua maharage uliniambia neno nami nikakujibu vibaya. Tangu hapo tunasemezana habari za sabuni na viatu tu.

Ulisema, "Mama, kule nitakuwa natoka na batoto inje, sawa vile ulikuwa unafanya."

Nami nikasema, "Fundisha mu kalasi. Ukuta hawakuujenga bure."

Sasa umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya. Mvua imekatika, mlangoni bado kuna mwanga, na mimi nimekaa hapa na karatasi juu ya magoti. Nitakayoandika unayajua karibu yote, maana ulikuwepo. Lakini ulikuwepo ukiwa mtoto, na sisi wawili hatujawahi kuyasema. Nataka uyasikie kutoka kwangu kabla hujapewa watoto wa watu.

Wengi hudhani nilianza kufundisha nje kwa sababu nilikuwa na maarifa mapya. Sivyo. Tuliporudi kutoka Kitshanga, tulikokimbilia vita na kukaa kambini mpaka tukazoea kulala na viatu miguuni, tulikuta shule imebaki kuta na nusu ya mabati. Madawati yalikuwa yamechomwa kwa kupikia. Ubao wa darasa langu ulikuwa umepasuliwa kuwa kuni, na kitabu kimoja cha sayansi alichokuwa nacho direkta, mkuu wa shule, kilikuwa kimenyonywa na maji mpaka kurasa zikashikana. Watoto walikuwa wengi, na kila mvua ilipokuja walijibana upande mmoja kama kuku. Basi nikawatoa. Mwanzoni niliona haya. Wazazi waliokuwa wanapita na majembe walituona tumechuchumaa kwenye udongo, wakafikiri nimewapeleka watoto kunilimia shamba.

Halafu nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona katika miaka yangu yote ya kuandika ubaoni. Watoto walikuwa wanauliza. Tulitengeneza vitalu vitatu kwenye mteremko nyuma ya shule: kimoja udongo mtupu, kimoja majani, kimoja maharage. Chini ya kila kimoja tulizika kopo la nyanya ili likinge maji. Mvua ikinyesha, walikuwa wanakimbilia makopo yale kuliko wanavyokimbilia chakula. La udongo mtupu lilijaa matope mekundu. La majani lilikuwa na maji unayoweza karibu kuyanywa. Msichana mmoja, mdogo kuliko wewe, akasema, "Mwalimu, majani iko inashika mulima na mikono." Nilikuwa nimekaa chuoni na kulikariri jambo hilo kwa Kifaransa, wala sikuwahi kulielewa kama alivyolielewa mtoto yule siku ile.

Papa yako alikuwa anapita saa za mchana akitoka shambani. Alikuwa anaegemea jembe lake, anasikiliza, kisha anauliza mbele ya watoto, "Mama Sifa, uko unawafundisha kulima ao kusoma?" Nami namjibu, "Yote mbili, Papa Sifa." Anacheka, anaondoka. Ninaandika hili ili ujue kwamba tulikuwa na furaha. Watu wakisimulia habari zetu huanza na jiwe, kana kwamba kabla ya jiwe hatukuishi.

Ile njia ya kwenda kijitoni ilikuwa na mpasuko mwembamba baada ya mvua kubwa. Niliwaambia mchomeke kijiti kila upande, mkate ugome wa mgomba uliokauka, kama kamba, ufike sawasawa toka kijiti hadi kijiti, muuhifadhi, halafu baada ya kila mvua mje kuupima tena. Kamba ikiwa fupi, ardhi imesogea. Njia ile haikusogea sana. Mlichoka nayo, mkataka vyura. Wewe peke yako uliendelea kuipima mpaka nikakuambia inatosha.

Kisha siku ya mawe. Tulishuka kijitoni. Kila mtoto achukue mawe mawili yenye ukubwa sawa, moja kila mkono, afumbe macho, aseme lipi zito. Nilitaka waelewe kwamba ukubwa ni kitu kimoja na uzito ni kingine. Wewe ulikuwa ndani ya maji mpaka magotini. Uliokota jiwe jeusi, dogo kama yai la kuku, na mkono wako ukashuka wenyewe. Ulicheka. Ukasema, "Mwalimu, hii iko nzito kupita yote." Shuleni hukuniita Mama, hiyo ilikuwa sheria yako mwenyewe.

Nililipitisha mkono kwa mkono. Tulilisugua kwenye kipande cha sahani iliyovunjika tukaangalia rangi. Niliwaambia wote wakupigie makofi, wakapiga.

Je, nilijua ni jiwe gani? Mtu wa Masisi atakosaje kulijua jiwe la Rubaya, ile koltani inayochimbwa kule? Nilijua, ao nilidhani tu. Lakini kichwani mwangu Rubaya ilikuwa milima ya wengine. Kwetu kulikuwa maharage na mihogo, na ng'ombe kule juu. Watoto waliondoka na mawe mifukoni kama walivyokuwa wanaondoka na magamba ya konokono siku nyingine. Sikumwambia hata mmoja aliache pale.

Papa yako hakuwa mtu wa tamaa, na usikubali yeyote akuambie hivyo. Mwaka ule mihogo ilikuwa imeugua, majani yamejikunja kama ngumi, na maharage yalioza kwa mvua. Jioni alikuona unalichezea lile jiwe. Akalichukua, akalipima mkononi, akauliza ulilipata wapi. Ukamwambia. Akakuomba ukamwonyeshe, ukaenda mbele yake unarukaruka, maana hakuna kitu ulichopenda kama papa yako kukuuliza kitu.

Waliporudi, yaani mliporudi, nilimwambia kwamba lile lilikuwa somo tu. Akaniangalia bila hasira. "Masomo gani haiko na faida kwa nyumba?" akaniuliza. Mpaka leo sijapata jibu, na wewe unakwenda mahali ambapo utaulizwa hivyohivyo na wazazi wenye njaa kama yetu. Tafuta jibu mapema.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Wa kwanza walichimba kwa majembe ya shamba. Halafu wakaja watu wa mbali, na wanunuzi, na yule mwanaume tuliyemwita PDG, yaani mkubwa wa kampuni, kwa sababu mashimo yalikuwa mali yake, na nyuma ya PDG wakaja wenye bunduki kama kawaida yao. Walianza kijitoni, wakapanda. Vitalu vyetu vitatu vilichimbwa bila mtu kuuliza vilikuwa vya nini. Miti iliyokuwa juu ilikatwa iwe nguzo za kuegemeza mashimo. Maji ya kijito yakawa mekundu kutwa, mvua ama jua. Direkta akahamisha shule upande wa pili wa bonde, ambako iko mpaka sasa.

Kilichoniuma kuliko yote ni kwamba watoto waliosikiliza vizuri ndio waliotangulia kuondoka shuleni kwenda kuchimba. Niliwafundisha kwamba ukikuta jiwe zito kijitoni, limeshuka kutoka juu, na ukilifuata dhidi ya mkondo wa maji utafika lilikotoka. Wakalifuata. Walikuwa hodari kuliko watu wazima. Siku moja nilikutana na mmoja wao njiani, amebeba mfuko uliomkunja shingo, mabega yamekwisha kuwa ya mtu mzima. Aliuweka chini ili anisalimie kwa adabu. "Mwalimu, aksanti," akasema. "Bila weye singejua kuitafuta." Nilimshika mkono. Nilisema karibu. Ungesema nini?

Sasa nafika mahali ambapo sitaki kufika.

Ulikuwa unampelekea papa yako chakula shimoni. Msimu ule wa mvua ukaona juu ya mashimo, kwenye majani, ufa ambao mguu wako ungeweza kuingia. Hukumwambia mtu. Ulichomeka vijiti viwili, ukakata ugome wa mgomba, ukapima. Kesho yake ugome haukufika. Ukakata mwingine. Nao kesho yake haukufika. Ndipo ulipotuambia tukiwa tunakula, kwa sauti ndogo, kana kwamba wewe ndiye uliyeupasua mlima.

Nilipanda nawe asubuhi ile. Nilipiga magoti, nikapima kwa mkono wangu. Nilikuta ulivyosema ndivyo ilivyo. Chemchemi iliyokuwa chini ya ufa ilikuwa imebadilika rangi, na mkaratusi mmoja uliobaki ulikuwa umeinama kuelekea bondeni. Nilimwambia papa yako, naye akapanda mwenyewe. Alichuchumaa, akaingiza mkono ndani ya ufa. Kisha akasema, "Mutoto anasema kweli." Akashuka, akatoa vitu vyake shimoni, akaenda kwa PDG na kumwambia asimamishe kazi mpaka mvua iishe.

PDG alimjibu mbele ya watu, "Nisimamishe kazi juu ya vijiti ya mutoto?" Wakacheka, na waliocheka walikuwa wamechoka, wana watoto, wana njaa. Siwachukii kwa kile kicheko.

Papa yako akarudi nyumbani. Tulikuwa naye hapa, Sifa. Alikuwa ameketi pale ulipoweka mfuko wako leo, sahani mbele yake. Angeweza kubaki. Lakini mvua ilipotulia alisikia wenzake wanapita, wanaingia tena kazini, wanaitana. Akaiweka sahani chini. Nilimwambia aliyekwisha kuwaonya hana deni. Akasema hakuwaonya vizuri, alimwambia PDG na hakuwaambia wao. Akatoka.

Aliingia shimo moja baada ya jingine akiita majina. Kuna waliotoka kwa sababu ya sauti yake tu, kwa sababu hawakuwahi kumsikia akipaza sauti. Alikuwa ndani kabisa, anawaita waliobaki, mlima uliposhuka.

Tulisikia. Wewe ulikuwa unaosha sahani.

Watu walichimba kwa mikono mpaka udongo ulipoanza kusogea tena, wakakatazwa. Papa yako hatukumpata. Tulimlilia bila mwili.

Maneno yalianza matangani. Mama mmoja aliyepoteza mtoto wake wa kiume aliuliza, si kwa ubaya, ilikuwaje msichana mdogo aijue siku ya mlima kuanguka. Swali likatembea. Lilipofika kwa PDG alilipokea vizuri, maana kabla ya hapo watu walikuwa wanaanza kumwangalia yeye. Jumapili baada ya ibada mchungaji aliruhusu watu waseme, ili mioyo itulie. PDG akasimama na kofia mkononi.

"Mulima hauambie muntu siku yenye utaanguka," alisema. "Nani alimwambia huyu mutoto?"

Hakutaja neno la ulozi. Hakuhitaji kulitaja. Kanisa lote liligeuka kukuangalia, na wewe ulikuwa umekaa mkekani na wenzako wa darasa, na nguo yako ya msiba. Waliokuwa wametoka shimoni kwa sauti ya papa yako walikuwa pale pia. Niliwatafuta macho mmoja mmoja. Waliangalia chini.

Mimi nilikuwa nimemwona, kule kambini Kitshanga, msichana aliyesemwa hivyo. Alifukuzwa akawa analala nyuma ya vyoo, watu wanamtupia maganda, na asubuhi moja hakuwepo na hakuna aliyeuliza. Ulikuwa mdogo, labda humkumbuki. Mimi nilimwona mbele ya macho yangu kanisani, na sura yake ilikuwa yako.

Ningeweza kueleza. Hili ndilo lililonikalia kifuani miaka yote hii. Nilikuwa mwalimu. Ningeweza kuwaambia habari za ufa, za ugome wa mgomba, za maji ya chemchemi yaliyobadilika. Ningeweza kusema: mimi pia nilipima, papa yake pia aliona, na huyu mwenye kofia aliambiwa. Watoto wa darasa langu walikuwa wamekaa pale, wangeweza kushuhudia, walijua kazi ya vijiti kama wewe. Lakini vijiti vilikuwa vimekwenda na mlima, na watu waliofiwa hawataki somo. Niliogopa kwamba nikisema ulijua, hawatasikia umejuaje. Watasikia ulijua tu.

Nikasimama nikasema, "Hakujua kitu. Mutoto alikuwa anacheza tu na vijiti."

Kanisa likapumua. Mama yule aliyefiwa alilia, na safari hii alilia kama mtu anayelia mtoto, si kama mtu anayetafuta aliyemuua. PDG aliinamisha kichwa kwa heshima. Alikuwa na sababu ya kuniheshimu, mwanangu. Kama hukujua kitu, basi yeye hakuonywa na mtu. Mlima ulianguka wenyewe, kazi ya Mungu, twende nyumbani. Kwa maneno machache nilikutoa wewe mikononi mwao, na nikamsafisha yeye. Na papa yako nikamfanya mtu aliyerudi shimoni bila sababu.

Njiani hukunishika mkono. Tulipofika kwenye kona ya mikaratusi uliniuliza, "Mama, nilipima mubaya?"

Nikakuambia, "Nyamaza, tembea."

Ulinyamaza, ukatembea. Wiki ile ile nilikukabidhi kwa shangazi yako ukaenda Goma, na watu wakasema mwalimu ana akili, amemwondoa mtoto mahali pa huzuni. Ulikuwa unarudi likizo umerefuka kidogo kila mara, mwenye adabu, unanisaidia jikoni, hugusi udongo. Ulipoandika kwamba umechagua kusomea ualimu nilikaa na ile habari siku nzima sijui niipokee vipi. Sikuthubutu kukuuliza kwa nini.

Sasa nijibu swali lako, ingawa umekua na hulihitaji tena. Hapana. Ulipima sawasawa. Mkono wangu ulipita nyuma ya mkono wako na haukukuta kosa. Kama kazi ile ingeletwa kwangu kwenye karatasi, ningekupa alama zote. Na lile jiwe pia, usilibebe. Mtoto aliyeambiwa atafute jiwe zito akaleta jiwe zito, amefanya kazi yake. Walioupindua mlima walikuwa watu wazima, na kila mmoja alikuwa na njaa yake ao tamaa yake, na walikuwa na macho ya kuona mteremko ukibaki uchi.

Na sasa nitakuambia lililo gumu zaidi. Kama ningerudishwa kanisani leo, watu walewale, macho yaleyale, ningesema tena vilevile. Usinitafutie majuto mazuri, sina. Wewe uko hai, unakwenda kuagana na kwaya, unacheka na rafiki zako barabarani, nakusikia mpaka hapa. Nililinunua hilo kwa uongo na ningelinunua tena. Lakini uongo ule haukukaa pale nilipouacha. Nilidhani nitausema mara moja tu, uishe. Kumbe ilinibidi niuishi. Sikuwapeleka watoto nje tena, maana ningewafundishaje kupima wakati nimetangaza kanisani kwamba kupima ni mchezo? Nilirudi kwenye ubao. Ninaandika, wananakili. Direkta mpya anasema darasa langu ndilo lenye utulivu kuliko yote.

Unakwenda Walikale. Sijui miti ya kule. Nimesikia msitu ni mnene kiasi kwamba mchana unawasha taa ndani ya nyumba, na kuna mchwa wanaojenga nyumba ndefu kuliko mtu, na uyoga wa rangi ambazo hatuna. Naona namna utakavyouangalia, na moyo unaniuma kwa kijicho na kwa hofu. Lakini nimesikia pia kwamba wengi wa watoto wako watakuwa wa wachimbaji, waliokuwa wanabeba mawe ya machimbo ya Bisie mgongoni kupita msituni kabla ya mashine kuja. Baba zao wanajua mawe kuliko wewe. Wakiona mtoto anarudi na kitu mfukoni watauliza ametoa wapi, kama papa yako alivyouliza. Mwalimu anadhani anasema na watoto. Nyuma ya kila mtoto kuna nyumba inasikiliza, na nyuma ya nyumba kuna watu wengine tena. Mimi sikuliona hilo. Niliona vidole vya watoto na udongo tu, nikawa na furaha kama mjinga.

Sikuambii uache mawe. Nilikuwa nimepanga kukuambia hivyo, ndiyo maana juzi nilikujibu vile. Lakini nimeandika mpaka hapa na naona siwezi. Kama nisingewafundisha habari za ufa, wale waliotoka wasingetoka. Kama nisingewafundisha habari za mawe, pengine kusingekuwa na shimo la kutoka. Nimezipima hizo mbili miaka yote na hazikai sawa mkononi, kila siku inashuka nyingine.

Ninachokuomba ni kimoja. Usimwache mtoto abebe peke yake jambo alilolijua. Akija kwako na kitu cha kweli, nenda ukaone mwenyewe, pima mwenyewe, halafu wewe ndiye ukakiseme, kwa jina lako, mapema, kwa watu wote wanaohusika wala si kwa mkubwa wao tu. Kiseme kabla watu hawajafiwa. Baada ya kufiwa ni kuchelewa, watakuwa wanatafuta shingo ya kuning'iniza msiba, na shingo ya mtoto ni nyembamba. Nikiwa na nafasi ya kurudia jambo moja, silirudii lile la kanisani. Ninarudia asubuhi ile ya ufa. Nilipima, nikamwambia papa yako, nikashuka kwenda kufundisha somo la sarufi. Nilimwachia yeye aende kwa PDG peke yake, akiwa na vijiti vya mtoto mdomoni, wakati mimi ndiye mwalimu na mimi ndiye niliyevifundisha. Pengine wangenicheka mimi pia. Lakini Jumapili ile ningekuwa nimekwisha kusema, na nisingekuwa na njia ya kusema hukujua.

Nina jambo moja lililobaki, sijamwambia mtu.

Mwaka huu yule PDG ameleta binti yake darasani kwangu. Ana shule nyingine karibu na kwake, lakini alisema anataka mtoto wake afundishwe na mwalimu aliyetulia. Ni msichana mwepesi, ana macho yasiyokaa. Wiki iliyopita, katikati ya imla, aliinua mkono. Kutoka dirishani pale unauona mlima wetu, upande ulioshuka. Aliuliza, "Mwalimu, juu ya nini upande ule majani haioti, na huku inaota?"

Darasa zima likageuka kuangalia nje. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na masomo ya mwezi mzima ndani ya lile swali, na mteremko uko pale, kutembea kidogo tu. Na mtoto yule ana haki ya kujua kuliko wengine wote.

Nilimwambia, "Kaa. Andika."

Akakaa. Akaandika. Mwandiko wake ni mzuri.

Huyo ndiye mama unayemwacha nyumbani, Sifa. Nasikia unafungua mlango wa uani, na mwanga umekwisha. Nimefika mwisho wa karatasi. Kule kwako, akisimama mtoto akauliza, mshike mkono mwende mkaangalie.

Mama yako